Namna ya Kuandika Waraka wa Rafiki wa Mahakama katika Kesi ya Mtoto Aliyedhulumiwa Kingono

Waraka wa kwanza wa rafiki wa mahakama, yaani hoja za maandishi za mtaalamu asiye mhusika katika kesi, nilioshiriki kuuandika ulikuwa na kurasa 46, na wakili aliyenilea katika kazi hii aliurudisha mezani kwangu ukiwa umekatwa kwa kalamu nyekundu hadi zikabaki kurasa 13. Pembeni mwa sura ya kwanza, ambamo nilikuwa nimeeleza kwa uchungu mwingi jinsi dhuluma dhidi ya watoto ilivyo janga la taifa, alikuwa ameandika swali moja tu: "Jaji gani analipinga hili?" Tangu siku hiyo kila ninapoketi kuandika hujiuliza swali hilo kabla ya aya ya kwanza, kwa sababu majaji wa rufaa hawahitaji kuelimishwa kwamba kumnajisi mtoto ni uovu. Wanahitaji msaada pale ambapo sheria ina utata, au pale ambapo ushahidi wa mtoto unapimwa kwa kipimo kilichojengwa juu ya dhana kuhusu watoto ambayo haina mashiko.

Maelezo yanayofuata yanahusu Kenya, ambako kanuni za rafiki wa mahakama, ambaye mawakili wamezoea kumwita kwa Kilatini amicus curiae, zimeandikwa na kufafanuliwa kwa upana. Wenzetu wa Tanzania na Uganda watakuta kwamba taratibu za kuwasilisha zinatofautiana, ingawa kazi yenyewe ya kuandika haibadiliki sana.

Je, huu ndio mlango wako?

Ibara ya 22(3)(e) ya Katiba ya 2010 inataka kuwepo kanuni zinazomruhusu mtu au shirika lenye utaalamu maalumu kufika mahakamani kama rafiki wa mahakama, kwa idhini ya mahakama yenyewe. Kanuni hizo zilitungwa mwaka 2013, na zinamweleza rafiki huyo kuwa mtaalamu huru, asiyeegemea upande wowote, asiye mhusika katika kesi, ambaye kazi yake ni kuifaidi mahakama kwa ujuzi wake. Maneno "asiyeegemea upande" ndiyo yanayowakwamisha wengi wetu tunaotoka katika mashirika ya kutetea watoto, kwa kuwa sisi tuna upande na kila mtu anaujua. Mahakama haitarajii ujifanye huna msimamo kuhusu dhuluma. Inachotarajia ni kwamba hoja utakazozileta ziwe za kweli hata zikimfaa mshtakiwa, na kwamba hukuja kusukuma mkokoteni wa upande mmoja.

Kwa hiyo jiulize kwanza kama unachotaka ni kuisaidia mahakama au ni kumsimamia mtoto. Ikiwa ni kumsimamia mtoto, kuna njia nyingine iliyo bora zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inampa mwathiriwa nafasi ya kusikilizwa, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba wakili wa mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi ya jinai kwa mipaka itakayowekwa na hakimu au jaji, bila ya kugeuka kuwa mwendesha mashtaka wa pili. Wakili huyo anaruhusiwa kuegemea upande, na ndiyo kazi yake. Aliye na maslahi yake mwenyewe katika matokeo ya shauri naye ana njia yake, ya kuomba kuunganishwa kama mhusika mwenye maslahi. Na pale ambapo tatizo haliko katika kesi moja bali katika mwenendo mzima wa dola, kinachotakiwa ni ombi la kikatiba. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Meru, katika shauri ambalo wengi wanalijua kama kesi ya wasichana 160: jina hilo lisikuchanganye, waliofungua shauri ni wasichana 11, pamoja na shirika la Ripples International lililosimama kwa niaba yao, waliishtaki polisi kwa kushindwa kuchunguza malalamiko ya unajisi, na tarehe 27 Mei 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba uzembe huo ulikiuka haki zao, ikaamuru uchunguzi ufanywe haraka na kwa weledi. Ushindi wa namna ile haupatikani kwa waraka wa rafiki wa mahakama, kwa kuwa rafiki haombi amri yoyote.

Waraka wetu una nafasi yake hasa katika rufaa na katika mashauri ya kikatiba, ambako neno moja la majaji litaongoza mamia ya mahakimu. Katika mahakama ya hakimu, mtoto akiwa bado anatoa ushahidi, sikushauri uwasilishe kitu. Utachelewesha kesi ambayo pengine imeshaahirishwa mara tano, na mtoto aliyejiandaa kusema leo huenda mwezi ujao asiweze.

Kuichagua kesi

Soma kumbukumbu yote ya rufaa kabla ya kuamua, pamoja na mwenendo wa mahakama ya chini. Usitegemee muhtasari wa gazeti. Unatafuta swali la kisheria ambalo lazima majaji walijibu ili waamue shauri, ambalo lilijadiliwa huko chini, na ambalo hakuna upande uliolijibu vya kutosha. Masharti yote matatu yawepo.

Sharti la kujadiliwa huko chini linapuuzwa mno, na gharama yake ilionekana katika uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 12 Julai 2024, shauri nambari E018 la 2023. Mtu aliyekuwa amehukumiwa kifungo cha miaka 20 chini ya kifungu cha 8(3) cha Sheria ya Makosa ya Kingono, kinachohusu mtoto wa kati ya miaka 12 na 15, alipunguziwa adhabu na Mahakama ya Rufaa hadi miaka 15, kwa msingi kwamba kiwango cha chini kabisa cha adhabu kinamfunga jaji mikono. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akakata rufaa, na marafiki wanne wa mahakama wakaruhusiwa kuingia, likiwemo shirika la Initiative for Strategic Litigation in Africa. Mahakama ya Juu iliirudisha miaka 20. Sehemu kubwa ya sababu zake ilikuwa kwamba uhalali wa kiwango hicho cha adhabu haukuwa umeibuliwa ipasavyo tangu mwanzo, na kwamba uamuzi wake wa 2017 kuhusu hukumu ya kifo ya lazima, kama ulivyofafanuliwa tena mwaka 2021, ulihusu mauaji pekee. Ikiwa Mahakama ya Rufaa yenyewe iliambiwa kwamba imeingia katika suala ambalo halikuwa mbele yake, rafiki wa mahakama anayezua hoja mpya atasikilizwa na nani?

Kesi yenye ukweli wa kusikitisha kuliko zote mara nyingi ndiyo kesi isiyokufaa. Ikiwa rufaa inahusu tu kama shahidi wa tatu alimtambua mshtakiwa gizani, huna la kuongeza, hata kama unayoyasoma humo yatakunyima usingizi.

Kuomba ruhusa

Mwaka 2015, katika shauri la Mumo Matemu, Mahakama ya Juu iliweka mwongozo ambao hadi leo ndio kipimo katika mahakama zote. Kwa ufupi, waraka ujikite katika hoja za kisheria. Uhusiano wa mwombaji na wahusika uongozwe na kutoegemea upande na uaminifu kwa sheria. Maombi yaletwe mapema. Hoja ziwe ambazo wahusika hawajazileta, au zenye upya wa kuisaidia mahakama. Na rafiki hadai gharama za kesi. Mahakama pia ina hiari ya kukuwekea mipaka, kwa mfano uwasilishe kwa maandishi tu bila ya kusimama na kuzungumza.

Ombi lenyewe huwa na hati ya kiapo, na hapo ndipo maombi mengi hufia. Tumezoea kujaza kiapo kwa historia ya shirika, mwaka lilipoandikishwa, tuzo lilizopata na kaunti linazofanyia kazi. Hayo yanatosha aya mbili. Aya zinazobaki zieleze ni swali gani hasa unataka kulijibu, kwa nini wahusika hawajalijibu, na utaalamu wako unatoka wapi. Ikiwa shirika lako limewahudumia watoto kwa miaka 15 katika kituo cha huduma baada ya ubakaji, sema hivyo, kwa sababu huo ni ujuzi ambao wakili wa Serikali hana. Ikiwa mmoja wa wafanyakazi wako aliwahi kumpeleka mtoto huyu hospitalini, lazima uliseme pia. Nimeona ombi likitupwa nje kwa sababu uhusiano wa namna hiyo uligunduliwa na wakili wa mshtakiwa badala ya kutajwa na mwombaji, na baada ya hapo hakuna aliyejali kama waraka ulikuwa mzuri. Aliye karibu na mtoto kiasi hicho afadhali asiwe rafiki wa mahakama kabisa. Amtafutie mtoto wakili.

Ambatisha rasimu ya waraka kwenye ombi. Jaji anayesoma rasimu ya kurasa 12 na kuona ina faida atakuruhusu kwa urahisi zaidi kuliko jaji anayeahidiwa mambo mazuri yatakayoletwa baadaye.

Kuandika hoja zenyewe

Fungua kwa swali, liwe katika sentensi moja inayoeleweka na karani wa masijala. Kwa mfano: "Je, mahakama inaweza kuchukulia kuchelewa kwa mtoto kutoa taarifa kuwa sababu inayojitosheleza ya kutomwamini?" Halafu toa jibu lako papo hapo, katika aya moja, kabla ya kueleza sababu. Jaji asilazimike kufika ukurasa wa 9 ndipo ajue unaelekea wapi.

Suala la kuchelewa nimelichagua makusudi, kwa sababu linajitokeza katika kesi nyingi mno. Mtoto alidhulumiwa mwezi wa pili, akamwambia shangazi yake mwezi wa nane, na alipoulizwa na polisi alisema "aliniguza" tu, kisha mbele ya hakimu akaeleza mengi zaidi. Wakili wa utetezi anauliza: mbona hukupiga kelele, mbona uliendelea kumpelekea chai, mbona maelezo yako yamebadilika? Maswali haya yana haki ya kuulizwa, lakini majibu yake mara nyingi yako nje ya uzoefu wa wanaoyasikiliza. Anayelipa karo ndiye anayetuhumiwa. Mtoto ameambiwa kwamba mama yake atafukuzwa nyumbani akisema. Mtoto hana jina la kiungo kinachozungumziwa, au analo jina ambalo amefundishwa kwamba ni matusi kulitamka mbele ya watu wazima, naye anasema "tabia mbaya" na hakimu anabaki akijiuliza ni tabia gani. Kazi yako ni kuyageuza haya kuwa hoja ya kisheria. Linganisha aya mbili, zote mbili kuhusu jambo hilo hilo.

Ya kwanza: "Ni jambo linalojulikana na kila mtu kwamba watoto hawasemi uongo kuhusu mambo haya, na kwa hiyo mahakama inapaswa kumwamini mlalamishi na kuitupilia mbali rufaa."

Ya pili: "Kuchelewa kutoa taarifa, peke yake, hakuthibitishi wala hakukanushi kwamba kitendo kilifanyika. Tafiti kuhusu jinsi watoto wanavyofichua dhuluma zinaonyesha kwamba kuchelewa ni jambo la kawaida, hasa pale anayetuhumiwa anapokuwa mtu wa nyumbani. Rafiki wa mahakama anapendekeza kwamba mahakama inayopima ushahidi wa aina hii iangalie sababu za kuchelewa jinsi zilivyojitokeza katika ushahidi wenyewe, badala ya kukuchukulia kuchelewa kwenyewe kuwa dosari."

Aya ya kwanza inadai kisichoweza kuthibitishwa, inagusa ukweli wa kesi hii, na inaomba mtu fulani ashindwe. Ya pili inampa jaji kanuni anayoweza kuinakili katika hukumu yake, na mshtakiwa hawezi kulalamika kwamba ameonewa nayo, kwa sababu inakubali tangu sentensi ya kwanza kwamba kuchelewa hakuthibitishi kosa. Nikiandika huwa najiuliza kama jaji anaweza kuikata aya yangu na kuibandika katika hukumu bila ya kubadilisha neno. Jibu likiwa hapana, naiandika upya.

Kuhusu Kenya, hoja kama hiyo ina pa kusimamia. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama, katika makosa ya kingono, kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mradi iridhike kwamba mtoto anasema kweli na iandike sababu za kuridhika huko. Hizo "sababu zilizoandikwa" ni shamba lenye rutuba kwa rafiki wa mahakama, maana hukumu nyingi hutenguliwa kwa sababu hakimu aliandika tu kwamba mtoto alionekana mkweli, akaishia hapo. Waraka unaoeleza, kwa mifano kutoka hukumu zilizotangulia, sababu zinazotosha zinafananaje, utamsaidia mtoto huyu na mahakimu wote watakaousoma uamuzi. Tanzania nayo inaruhusu hukumu kusimama juu ya ushahidi wa mtoto peke yake katika makosa haya tangu mabadiliko ya sheria ya 1998, na hukumu za huko hunukuliwa Kenya kama zenye uzito wa ushawishi.

Jambo la pili linalostahili kurasa zako ni ushahidi wa daktari. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza baada ya kumchunguza mlalamishi, inapoandikwa kwamba hakuna jeraha lililoonekana, watu wengi, na baadhi ya mahakimu ni miongoni mwao, huelewa kwamba hakuna kilichotokea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliopitia uchunguzi wa watoto 2,384 waliopelekwa kwa kushukiwa kudhulumiwa ulikuta dalili zisizo za kawaida kwa takriban asilimia 4 tu yao. Sehemu hizo za mwili hupona haraka, na vitendo vingi vya dhuluma haviachi alama. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilikwisha kusema kwamba ushahidi wa kitabibu unakaribishwa pale unapokuwepo, lakini si wa lazima. Uzito wa waraka wako ni kuiweka kauli hiyo ya kisheria kando ya maelezo ya kitabibu yanayoipa sababu, na hapo hapo kuonya kwamba kukosekana kwa jeraha hakuthibitishi dhuluma pia. Usilifiche onyo hilo katika tanbihi.

Hapa lazima niseme kuhusu mipaka. Kwa kuwa Kenya inataka waraka ujikite katika sheria, tafiti zinaingia kama nguzo ya hoja ya kisheria na haziwezi kuletwa kama ushahidi mpya kuhusu mtoto huyu. Usiambatishe ripoti ya mwanasaikolojia aliyemhoji. Afrika Kusini wana nafasi pana kidogo: kanuni za Mahakama yao ya Katiba zinamruhusu rafiki wa mahakama kuleta taarifa za kisayansi au za kitakwimu ambazo hazipo katika kumbukumbu, mradi ziwe zinaweza kuhakikiwa kwa urahisi. Matunda ya nafasi hiyo yalionekana Juni 2018, katika shauri la watu wanane waliosema walidhulumiwa utotoni na mfanyabiashara mmoja tangu miaka ya 1970, wakazuiwa na sheria iliyosema kwamba makosa ya kingono yasiyo ubakaji hayashtakiwi baada ya miaka 20. Kliniki ya Teddy Bear, inayowahudumia watoto waliodhulumiwa, ilikuwa miongoni mwa marafiki wa mahakama, na suala la kwa nini manusura hunyamaza kwa miongo mizima likawa kiini cha shauri. Mahakama iliona kwamba kutenganisha ubakaji na dhuluma nyingine kwa namna ile hakukuwa na mantiki, ikaufuta ukomo huo. Ukitaka kujifunza kuandika, isome hukumu ile kwa kuangalia jinsi elimu ya saikolojia ilivyobebwa na swali la usawa mbele ya sheria.

Takwimu zitumie kwa uchache, na zile unazozitumia uzijue hadi mizizi. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Kenya mwaka 2010 ulikuta kwamba, miongoni mwa vijana wa miaka 18 hadi 24, asilimia 32 ya wanawake na asilimia 18 ya wanaume walipitia ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Ule wa 2019 ulikuta asilimia 15.6 na 6.4. Bado naona nyaraka zinazonukuu zile za 2010 bila ya kutaja kwamba kuna mpya zilizo chini zaidi, eti kwa sababu kubwa zinashtua. Wakili wa upande wa pili akizitoa za 2019 mfukoni, kila sentensi nyingine uliyoiandika itatiliwa shaka, na kwa haki kabisa.

Sheria ya kimataifa inahitaji aya chache tu. Ibara ya 2(6) ya Katiba inaifanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria ya Kenya, na Ibara ya 53(2) tayari imesema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kutangulia katika kila jambo linalomhusu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2000, una Ibara ya 27 kuhusu unyonyaji wa kingono, na mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2005 kuhusu haki kwa watoto walio waathiriwa na mashahidi una mengi ya manufaa kuhusu namna ya kuwahoji. Chukua kile kinachojibu swali lako. Kurasa nne za kuorodhesha mikataba, zinazofanana katika kila waraka wa kila shirika, majaji huzipitia kwa kidole gumba.

Na usiukimbie upande mgumu wa sheria. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Malindi ilimwachilia mtu aliyekuwa amefungwa miaka 20 kwa kumnajisi msichana wa miaka 13, ikisema msichana yule alijiendesha kama mtu mzima. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ilihimiza mjadala wa taifa kuhusu umri wa kuridhia tendo la ngono kisheria, ikiwafikiria vijana waliokaribiana umri wanaojikuta jela miaka 15. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na mwandishi asiyeyatenganisha atashindwa. La kwanza linamhamishia mtoto mzigo wa kosa la mtu mzima, na waraka wako uoneshe hivyo kwa utulivu. La pili ni hoja ya haki ambayo hata watetezi wa watoto wanaikubali kwa sehemu. Waraka unaokiri hilo wazi huaminiwa zaidi unapofika kwenye lile la kwanza.

Mtoto asidhurike na karatasi yako

Kisheria huhitaji ridhaa ya manusura ili uombe kuwa rafiki wa mahakama. Kiutu unaihitaji, au angalau unahitaji ajue. Usimpigie simu mwenyewe. Pitia kwa wakili wake, au kwa msaidizi wa kijamii anayemjua, na uelewe kwamba baadhi yao sasa ni watu wazima wenye waume na wake ambao hawajui lolote.

Kuficha jina kwa herufi za mwanzo ni hatua ya kwanza tu. Niliwahi kuikuta sentensi hii katika rasimu ya mwenzangu, nami nimebadilisha maelezo yake yote: "M.W., mwanafunzi wa darasa la 6, binti wa mchuuzi wa samaki, anayeishi na babu yake nyuma ya kinu cha kusaga mahindi." Mtu yeyote wa kijiji kile angemjua kabla ya kufika nukta. Tuliiandika hivi: "Mlalamishi alikuwa mtoto wa miaka 12 aliyekuwa akiishi na jamaa yake." Hoja haikupoteza chochote. Pima kila kipande cha maelezo namna hiyo: kikiondolewa, je, hoja inaanguka? Kama haianguki, kiondoe. Tarehe kamili, jina la shule, jina la kijiji, na uhusiano wa damu pale usipokuwa sehemu ya kosa, vyote ni vya kuondoa. Na kwa kuwa nyaraka siku hizi huwasilishwa kwa mfumo wa kielektroniki, hakikisha kwamba jina halikubaki katika jina la faili au katika kiambatisho kilichochanganuliwa bila ya kufutwa.

Maelezo ya kitendo chenyewe yamo katika kumbukumbu ya rufaa, na majaji wanayo. Taja ukurasa, usinakili. Waraka hubaki katika maktaba za mtandao miaka na miaka, na mtoto wa leo atakuwa mtu mzima anayejua kutafuta kesi yake.

Chagua pia maneno yako. "Alifanya mapenzi na mtoto" si lugha ya sheria wala ya ukweli. Sema alimnajisi, au alimdhulumu kingono, au taja kosa kama lilivyo katika hati ya mashtaka. Kabla ya hukumu ya mwisho mshtakiwa ni mshtakiwa, na baada ya kukata rufaa ni mrufani. Mimi hutumia "mlalamishi" pale ninaporejelea kumbukumbu na "manusura" pale ninapozungumzia watoto kwa jumla, kwa sababu kumwita mtoto huyu manusura kabla majaji hawajaamua ni kuwaamulia.

Siku ya kusikilizwa na baada yake

Ukiruhusiwa kuzungumza, huenda ukapewa dakika 10. Usisome waraka. Sema swali, sema jibu, taja aya mbili ambazo ungependa majaji warudi kwazo, kisha ukae tayari kuulizwa. Swali linaloulizwa karibu kila mara ni hili: "Kwa hiyo unataka tumfunge?" Jibu la rafiki wa mahakama ni kwamba hana ombi kuhusu hatima ya mrufani, na kwamba kanuni anayoipendekeza inaweza kutumika na kumwachilia pia. Lijaribu jibu hilo mbele ya wenzako ofisini mpaka ulitamke bila ya kusita, kwa maana ukisita hapo, wote waliomo ukumbini watakuwa wamepata jibu lako la kweli.

Tarehe ya uamuzi ikitangazwa, mjulishe mara moja wakili au msaidizi wa kijamii aliye karibu na manusura, ili habari isimfikie kwanza kupitia redio ya jirani au kikundi cha WhatsApp cha kijiji. Kubalianeni nani atamwambia, wapi, na nani ataketi naye iwapo rufaa ya mshtakiwa itakubaliwa. Taarifa kwa waandishi wa habari ipitie kipimo kile kile cha kuficha utambulisho, na itolewe baada ya mazungumzo hayo kufanyika.